Baniani, kiatu na kasha la mende: tulivyourudia mchezo wetu baada ya miaka minne

Kasha la mavazi tuliliweka chini ya ngazi nyumbani kwa mama, Kikwajuni, mwaka 2019, tukaambizana tutalifungua mwakani. Tumekuja kulifungua 2023. Kilichotoka kwanza ni harufu, kisha mende, kisha joho la Mkopeshaji, ambalo upande wa kushoto kuanzia begani hadi kiunoni lilikuwa limebaki nyuzi tu. Nikaliinua juu, nikaliona dirisha la mama kwa ndani yake.

Mwenzangu wa mavazi akaniuliza, "Hili ndilo ulilotuandikia kwenye bajeti kuwa lipo?"

Ndilo. Nilikuwa nimeandika "lipo" au "vipo" mbele ya vitu kumi na kimoja. Vilivyokuwepo kweli vilikuwa vinne. Wanaonipigia simu siku hizi kuniuliza habari za kurudia mchezo wa zamani karibu wote huanza hivyo hivyo: "Kila kitu tunacho, tunatafuta tarehe tu." Fungueni kasha kwanza, ndugu zangu, kabla hamjamwandikia mfadhili hata mstari mmoja.

Mchezo wenyewe ni ule wa Shakespeare, ulioandikwa miaka ya 1590, ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, kitabu kikatoka 1969. Wengi wetu tumekutana nao skuli. Mfanyabiashara Antonio anakopa dukati 3,000 kwa miezi mitatu ili rafiki yake Bassanio aende akampose Portia, bibi tajiri. Mkopeshaji, Shylock, ambaye ni Myahudi, hataki riba. Anataka hati tu: siku ikipita bila malipo, akate ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Merikebu za Antonio hazirudi, siku inapita. Mahakamani Portia anavaa kiume, anajifanya mwanasheria, anamwambia Shylock nyama yake achukue, lakini damu haikuandikwa kwenye hati, basi isidondoke hata tone.

Sisi tuliuhamishia Unguja ya 1872. Aprili ya mwaka ule kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, vya Sayyid Barghash vikiwemo. Pemba kwa sehemu kubwa ikaponea, na tangu hapo ndiyo yenye karafuu. Ukishakijua kisa hicho, huna haja ya kutunga sana. Mfanyabiashara wetu ana majahazi na shamba la mikarafuu, vyote vinakwenda kwa siku moja. Dukati zikawa riale. Na Belmont, kule anakokaa bibi tajiri, ikawa Pemba.

Mwaka 2019 tuliucheza usiku tatu Mji Mkongwe na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipojificha, na sikuliona kwa miaka minne.

Mkopeshaji wetu alikuwa Baniani. Tulimpa lafudhi ya kuchekesha, tukampa kitambi cha mto, na kila akiingia mmoja wa vijana jukwaani alikuwa anasema, "Baniani mbaya," na ukumbi mzima unajibu, "kiatu chake dawa!" Usiku wa pili watu walikuwa wanaijibu kabla kijana hajafungua mdomo. Nilijiona nimevumbua kitu. Mwishoni, kama ilivyo katika asili ambapo Shylock analazimishwa kuingia Ukristo, sisi tulimlazimisha wetu asilimu, na watu wakapiga makofi.

Usiku wa tatu, tunakunja mikeka, akanijia mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa njia ya Hurumzi. Alinishukuru kwa adabu, akanisifia taa. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, yale maneno yake yako wapi?"

"Maneno gani, mzee?"

"Yale ya macho. Sisi tuliyasoma skuli kwa Kiingereza. Tuliyahifadhi."

Nikamwambia tumeyapunguza kwa ajili ya muda. Akatikisa kichwa, akasema, "Sawa. Ile methali naijua vizuri. Wenzangu walikuwa wananiimbia nikitoka darasani." Akaniaga, akaenda zake. Nami nikaendelea kukunja mikeka, na nasema kweli, kesho yake nilikuwa nimeshamsahau.

Nilimkumbuka 2023, tulipokaa kutazama video. Hili nalo ni kosa, na nadhani kila kikundi kinalifanya: badala ya kurudi kwenye maandishi tulirudi kwenye video ya simu ya usiku wa pili, tukawa tunaiga tulivyokuwa. Aliyecheza Mkopeshaji mara ya kwanza yuko Muscat sasa, anafanya kazi. Tulimpata kijana mwengine, mwalimu wa hesabu mwenye sauti nzuri, nikampa ile video akaisome. Wiki ya tatu ya mazoezi nikaona anakohoa kila akifika mahali pa kuhesabu riale. Kikohozi kile kile, mara mbili, mkono kifuani.

"Mbona unakohoa hapo?"

"Si ndivyo alivyofanya, dada? Nilidhani ndiyo tabia ya mtu mwenyewe."

Aliyetangulia alikuwa na mafua usiku ule. Kijana wa watu alikuwa ameyasomea mafua kwa wiki tatu.

Siku ile nikaifuta video kwenye simu za wote, ila nilibakisha nakala moja kwa ajili ya kuangalia nani anasimama wapi. Nikatoa kitabu. Tulisoma kimya kimya, kila mtu na nakala yake, kisha kwa sauti, siku nne, hakuna kusimama. Tulipofika pale Shylock anapouliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, akichomwa hatoki damu, akitekenywa hacheki, akipewa sumu hafi, na akidhulumiwa asilipize kisasi, mwalimu wa hesabu akasita. Akasema, "Mbona haya sijayaona kwenye script yetu?" Nikamkumbuka mzee wa Hurumzi, na uso ukaniwaka moto.

Nikenda dukani kwake. Yupo, amezeeka zaidi, mjukuu ndiye anayekata vitambaa. Nilimwomba radhi, nikamwambia nimepata dawa: mara hii Mkopeshaji hatakuwa Mhindi, tutamfanya Mwarabu, au Mswahili tu. Nilitegemea atafurahi.

Akasema, "Utakuwa umenitoa mimi, umemtia mwengine achekwe. Muache awe Baniani. Ila mpe maneno yake."

Tukampa. Lafudhi tuliiondoa, mto wa tumboni tukautupa. Maneno ya macho tuliyaandika upya kwa Kiswahili cha mchezo wetu, na ile methali tukaihamisha mdomo: vijana hawaisemi tena, anaisema mwenyewe. Anavua kiatu, anakiweka mbele ya Mfanyabiashara aliyekuja kukopa, anasema, "Baniani mbaya, bwana. Haya, dawa hiyo." Basi. Mabadiliko haya hayakugharimu hata shilingi, na ndiyo yaliyochukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu watu wazima wanne kwenye kikundi waligoma. Walisema tunaua kicheko, na kicheko ndicho kinacholeta watu. Sikuwa na jawabu. Niliwaambia tujaribu usiku mmoja.

Nikiwa hapo hapo kwenye maandishi, niseme jambo la hakimiliki kwa sababu tulinusurika kwa bahati. Shakespeare hana mwenyewe. Kazi yake ni ya kila mtu. Tafsiri si hivyo. Mwalimu amefariki 1999 na tafsiri yake bado ina wenyewe. 2019 tulichukua mistari mizima humo bila kumuuliza mtu. Safari hii tulitafsiri wenyewe kutoka Kiingereza, taabu ya miezi miwili, na tukapata faida ambayo hatukuitafuta: ilitubidi tufikirie kila neno. Mathalani hilo la "bepari". Skuli tulifundishwa kuwa bepari ni mnyonyaji, na kitabu kilitoka miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, kwa hiyo hakuna aliyelisoma vyengine. Lakini asili yake ni neno la Kihindi la mfanyabiashara, na wazee wa mjini bado unaweza kuwasikia wakilitumia hivyo bila ubaya. Ukiamua neno moja kama hilo, umeamua nusu ya mchezo.

Tulipata pia watu wawili wa kutusomea. Wa kwanza mwalimu wa historia, aliyetueleza kuwa mkopo wa mashamba zama hizo mara nyingi ulipitia bei khiyari: unamuuzia mkopeshaji shamba lako kwa hati, una hiari ya kulikomboa, na huku unaendelea kulilima na kumlipa kodi. Riba haitajwi popote. Jambo hilo likatupa onyesho zima la kuandika hati ambalo hatukuwa nalo. Akatukosoa vilevile kwamba Wahindi wengi walikuwa chini ya himaya ya Uingereza na kesi zao zilikwenda kwa balozi wa Kiingereza, si kwa kadhi. Hatukubadilisha mahakama, tuliongeza mstari mmoja Mkopeshaji anaposema angeweza kwenda kwa balozi lakini anataka haki ya hapa, mbele ya watu wa hapa. Mstari huo ndio uliokuja kuumiza kuliko yote.

Wa pili alikuwa ustadhi wa madrasa ya mtaani kwetu. Alisoma mwisho wetu wa zamani, akauliza, "Nani kakwambieni mtu anasilimishwa kwa amri ya mahakama?" Akatusomea Baqara, aya ya 256, hapana kulazimishana katika dini. Kwa hiyo sasa Mfanyabiashara analitaka hilo, na kadhi anamkatalia. Onyesho limefupika na limekuwa kali zaidi. Miaka minne nyuma hatukumuuliza mtu, tuliogopa tutakatazwa.

Kuhusu bibi wa Pemba. Aliyemcheza mara ya kwanza alikuwa binti wa chuo. Sasa ameolewa, ana mtoto, na hakuna mwengine nchini, kwa maoni yangu, anayeweza kusimama vile mbele ya kadhi. Tatizo ni ile kanzu ya kiume. Nilikwenda kwa mumewe. "Shemeji," akanambia, "mie sina neno. Neno analo mama." Tukenda kwa mama mkwe, Jang'ombe, tukakaa ukumbini tukanywa chai na mahamri, tukazungumza kila kitu isipokuwa kilichotuleta. Saa nzima. Mwisho bibi mwenyewe akauliza, "Hiyo kanzu atakayovaa ya nani?"

"Ya kikundi, mama."

"Ya kikundi wameivaa wanaume wangapi? Avae ya mumewe."

Ndiyo aliyoivaa, na mtandio chini ya kilemba. Kama una mwigizaji wa kike, nakushauri uende mapema, uende mwenyewe, na usiende na karatasi ya kusaini.

Sasa fedha, maana watu wanauliza na wengi hujibiwa kwa mkato. Nilipanga shilingi 6,200,000, tukatumia 7,150,000. Nauli za boti kwenda Pemba na kurudi kwa watu kumi na wanane zilikuwa 1,260,000. Spika na taa za kukodi kwa usiku mbili 1,400,000. Chakula na malazi 1,150,000. Jenereta na dizeli 260,000, mizigo na lori 330,000. Posho 1,800,000, laki moja kwa kila mtu, kwa miezi minne ya mazoezi. Naona haya hata kuiandika. Mavazi niliyaandikia 300,000 kwa sababu ya lile neno "lipo", yakala 950,000. Mfadhili mmoja aliahidi milioni tatu kwa mdomo, ikaja moja, wiki mbili baada ya onyesho. Nilitoa fedha za kibati changu, ule mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, zamu ambayo niliipangia kuezekea jiko la mama. Jiko bado linavuja.

Kibali tulikiombea mapema kuliko mara ya kwanza, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, na tukapeleka maandishi kamili. Hapo sina la kueleza, lilikwisha salama. Cha kusisitiza ni mbadala. Siku kumi na mbili kabla ya safari, kijana anayecheza Bassanio aliitwa kwenye tamthilia ya televisheni Dar es Salaam, akaenda, na simlaumu, wanalipa kwa siku tunacholipa sisi kwa miezi. Hatukuwa tumemwandaa mtu. Aliyeokoa jahazi ni kijana wa taa, aliyekuwa ameyasikia maneno yote mara mia kutoka kwenye kona yake na kuyahifadhi bila kujua. Taa nikashika mimi. Nilizishika vibaya.

Kwa nini Pemba? Kwa sababu nusu ya mchezo uko Pemba na hatukuwahi kuupeleka. Tulivuka Julai, kusi limepamba moto, na nusu ya kikundi walitapika mpaka Mkoani. Kadhi wetu alilala chini sakafuni mwa boti ameshika kilemba chake mkononi. Nilikuwa nimepanga tucheze usiku ule ule ili tuokoe malazi. Usifanye hivyo. Nilimwangalia yule kadhi akishuka gatini akishikiliwa na watu wawili, nikapiga simu Chake kuahirisha hadi kesho. Gari la matangazo lilikuwa limeshapita mitaani na tarehe ya kwanza, ikabidi lipite tena, elfu arobaini nyengine, hizo hata kwenye hesabu ya juu sikuzitia.

Tulicheza uwanja wa skuli, saa mbili na nusu, watu wameshatoka kuswali Isha. Wanawake mikeka ya kulia, wanaume kushoto, watoto mbele kila mahali. Jenereta lilikuwa nyuma tu ya jukwaa na lilinguruma kiasi kwamba dakika kumi za mwanzo hakuna aliyesikia neno. Hatukuwa na waya mrefu. Fundi mmoja wa hapo jirani, aliyekuja kutazama tu, aliondoka bila kusema kitu, akarudi na waya wa mita hamsini begani, akalihamishia jenereta nyuma ya madarasa. Tukaanza upya. Orodha yangu ya vifaa sasa, mstari wa kwanza kabisa, ni waya.

Bassanio aliposema anakwenda Pemba kuoa bibi mwenye mali ili alipe madeni yake, mama mmoja alipaza sauti kutoka mkekani, "Hao ndio wa Unguja hao!" na uwanja ukalipuka. Kicheko ambacho wenzangu wanne walihofia tutakiua kilikuwa kipo chungu nzima, kimebadilisha mtu wa kuchekwa tu. Vijaluba pia vilikwenda vizuri, vile vitatu ambavyo anayemposa bibi lazima achague kimoja, na akikosea hamuoi. Mjini mara ya kwanza tulitafsiri kijaluba cha tatu kuwa cha "risasi", kama ilivyo katika asili, madini yale mazito, na watoto wakaisubiri bunduki mpaka mwisho wa onyesho. Sasa cha tatu ni kifuu cha nazi. Bassanio alipokichukua, kizee kimoja kikasema "Eeh!" kwa sauti ya mtu aliyejua tangu mwanzo. Na bibi wetu, ambaye mama yake ni wa Wete, aliacha Kiswahili cha jukwaani peke yake akaanza kusema "ntu" badala ya "mtu". Sikumwelekeza. Sikumzuia.

Maneno ya macho yalipofika nilikuwa nimeshika taa na sikuweza kuwatazama watu, nilisikia tu watoto wameacha kufukuzana. Mwalimu wa hesabu aliyasema taratibu, kama anaeleza hesabu ubaoni kwa mtu aliyeikosea kwa makusudi. Alipovua kiatu, hakuna aliyejibu kitu.

Baada ya hukumu, katika maandishi yetu, Mkopeshaji anatoka kwa kupita katikati ya watazamaji, polepole, joho likiburuta, mpaka gizani nyuma, na mchezo unaendelea bila yeye kwa dakika kumi na tano za vichekesho vya pete na ndoa. Tulifanyia mazoezi njia hiyo mara nyingi. Usiku ule alipofika kwenye mikeka ya wanawake, bibi mmoja mtu mzima sana, mwenye kanga mbili na miguu imenyooshwa mbele, akaikunja miguu yake, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Kaa hapa, baba. Utakwenda wapi usiku huu?"

Kijana akanitazama mimi kwenye taa. Sikuwa na la kumwambia. Akakaa. Bibi akamsogezea kikombe cha kahawa, na jukwaani wenzake wakaendelea kuoana huku nusu ya uwanja inawatazama wao na nusu inamtazama yeye anavyokunywa.

Usiku wa pili nilimwambia apite kule kule, ila asimtazame mtu. Hakufika hata katikati ya mikeka, wakamvuta kanzu.